Mwaka wa 2010 wa Mazembe na Mafunzo Yake



Jumapili moja ya mwaka huu, baada ya Misa ya pili, vijana wa parokia yetu hapa Goma walicheza mpira na vijana wa parokia jirani. Uwanja wetu mnaujua ulivyo: mawe ya volkano pembeni, vumbi jeusi katikati, na anayeanguka huinuka na magoti yenye damu. Mchezo ulikwenda vizuri hata dakika za mwisho. Hapo mwamuzi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekubali kazi ile bila malipo, akatoa penalti juu yetu. Kabla hajaweka mpira mahali pake, vijana wetu watatu walikuwa wamekwisha kumzunguka. Mmoja akampiga kofi, mwingine akamrarua shati.

Mimi ndimi niliyekuwa mkubwa wa timu siku ile. Nilisimama kando ya uwanja, na moyoni nilikuwa nimekasirika kama wao, maana mimi pia niliona penalti ile si ya haki. Kwa hiyo nikachelewa kuingia. Sikuchelewa sana, labda muda wa kusema Baba Yetu mmoja. Lakini kofi huchukua muda mfupi kuliko sala.

Jioni nikawaita wale watatu, nikawauliza sababu. Wawili walitazama chini. Wa tatu akanijibu bila haya: "Mwalimu, hata Mputu wa Mazembe alimpiga mwamuzi, na mwaka ule ule Mazembe wakafika fainali ya dunia."

Sikuwa na jibu la haraka. Maneno yake yana ukweli ndani yake, lakini ukweli uliokatwa nusu hudanganya kuliko uwongo mtupu. Basi nimeona vema kuandika habari za mwaka ule wote, tangu mwanzo hata mwisho, ili vijana wetu wazijue nusu zote mbili.

Timu iliyozaliwa misioni

Watu wengi wanaoshangilia Mazembe hawajui kwamba timu hii ni mtoto wa misioni. Ilianzishwa mwaka 1939 mjini Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, na mapadre Wabenedikto waliokuwa wakiongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi. Mapadre hao waliona kwamba si kila mwanafunzi atakuwa padri, na kijana asiyekuwa na kazi ya mikono na miguu hutafuta kazi nyingine isiyofaa. Wakaanzisha kikosi cha maskauti, na pamoja nacho timu ya mpira. Wakaipa jina la msimamizi wa maskauti, Mtakatifu Georgi, yaani kwa Kifaransa Saint-Georges. Mwaka ule ule timu ikaingia katika ligi ya mji, ikamaliza ya tatu.

Mwaka 1944 jina likabadilishwa kuwa Saint-Paul. Sijui kama kuna mtakatifu anayewafaa wachezaji kuliko Mtume Paulo, maana yeye mwenyewe, akiwaandikia Wakorinto, aliwakumbusha jinsi wakimbiaji wanavyojinyima mambo mengi kwa ajili ya taji litakalonyauka. Mtume alilijua jambo moja ambalo mashabiki husahau: kazi ngumu ya mchezaji huanza ndani ya mwili wake na moyo wake, kabla hajakutana na mtu wa kushindana naye.

Baadaye wachezaji wengi wasio wa misioni waliingia katika timu, nao mapadre wakaacha uongozi. Timu ikachukua jina la Englebert, kampuni ya matairi ya magari iliyoisaidia kwa fedha. Hata baada ya uhuru wa nchi yetu, tarehe 30 Juni 1960, jina hilo liliendelea. Mwaka 1966 walichukua ubingwa wa nchi, Kombe la Kongo na Kombe la Katanga, yote matatu. Kwa nguvu hizo wakaongezewa jina la Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Sisi katika Nasadiki tunampa Mungu peke yake jina hilo, lakini tuwasamehe, maana mashabiki wa mpira hawapimi maneno.

Mwaka 1967 wakapata Kombe la Mabingwa wa Afrika. Walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko wa Ghana, na Waghana hawakutokea katika mchezo wa tatu. Mwaka 1968 wakalichukua tena mbele ya Étoile Filante wa Lomé, wakawa wa kwanza katika Afrika kulitwaa kombe hilo miaka miwili mfululizo. Mwaka 1969 na mwaka 1970 walifika tena fainali, wakashindwa. Mwaka 1980 wakapata Kombe la Washindi. Jina la Englebert likaachwa, likaja la Mazembe, na mashabiki wakawaita Kunguru, kwa ajili ya rangi zao nyeusi na nyeupe.

Kisha ukaja ukame mrefu. Tangu mwaka 1968 hata mwaka 2009, yaani miaka 41, kombe kubwa la Afrika halikurudi Lubumbashi. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakapata wajukuu, nao walilijua kombe lile kwa masimulizi ya wazee tu. Mwaka 1997 Moïse Katumbi alishika uongozi wa timu, akaijenga upya polepole. Mwaka 2009 wakaishinda Heartland ya Nigeria katika fainali. Kule Nigeria walifungwa 2 kwa 1, nyumbani wakashinda 1 kwa 0, na bao walilopata ugenini ndilo lililowapa kombe.

Kwa ushindi ule walialikwa Abu Dhabi, Desemba 2009, kucheza Kombe la Dunia la Vilabu. Huko walifungwa michezo yote miwili: 2 kwa 1 na Pohang ya Korea ya Kusini, kisha 3 kwa 2 na Auckland City ya New Zealand. Wakarudi nyumbani wakiwa wa sita. Watu wakasema kwamba Mwafrika ni mfalme kijijini kwake tu. Tuyakumbuke maneno hayo, tutayarudia.

Kosa la Mei

Sasa tufike kwenye mwaka wenyewe. Mwanzoni mwa 2010 hapakuwa na jina kubwa katika Mazembe kuliko la Trésor Mputu. Machi 2009 aliiongoza timu ya taifa kule Côte d'Ivoire, Kongo ikalitwaa kombe la kwanza la wachezaji wanaocheza ndani ya nchi zao, kwa kuifunga Ghana 2 kwa 0. Alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka huo miongoni mwa wale wanaocheza Afrika. Watoto wa Goma, wasioijua Lubumbashi hata kwa picha, walijiita Mputu katika michezo yao ya njiani, wakipiga mpira wa matambara kati ya motari na chukudu.

Mei 2010 Mazembe walikwenda Rwanda kwa jirani zetu, katika Kombe la Kagame, mashindano ya vilabu vya Afrika ya Mashariki na ya Kati. Huko, katika mchezo mmoja, Mputu hakupendezwa na uamuzi wa refa. Hasira ikampanda, akamshambulia mwamuzi, na mwenzake Guy Lusadisu akajiunga naye. Jambo hili lilitendeka mbele ya watu wengi, na picha zikaonekana kila mahali.

Agosti hukumu ya FIFA ikatoka: Mputu asicheze mpira popote kwa muda wa miezi 12, na Lusadisu kwa miezi 11. Basi mchezaji bora wa timu, katika mwaka wake mzuri kuliko yote, akawa mtu wa kukaa na kutazama. Hakuvunjwa mguu na adui wala hakuugua. Alijitoa mwenyewe uwanjani kwa muda wa pumzi chache. Wazee wetu walisema hasira hasara, na hapa hasara ilikuwa na hesabu yake: mwaka mzima wa maisha ya mchezaji, nao mchezaji hana miaka mingi.

Timu bila nyota yake

Hapo ndipo nusu ya pili ya habari inapoanza, ile ambayo kijana wangu hakuisema. Mazembe walifika fainali ya dunia bila Mputu. Kofi lake halikuwasaidia hata kidogo, ila liliwaachia pengo, nao wenzake ndio waliolijaza kwa jasho.

Wasiofuata mpira wafahamu jinsi Ligi ya Mabingwa ya Afrika ilivyochezwa mwaka ule. Timu nyingi zilianza mapema, zikatoana moja moja, hata zikabaki 8. Hizo 8 ziligawanywa makundi mawili ya timu 4, kila moja ikikutana na wenzake mara mbili, nyumbani na ugenini. Mbili za kwanza za kila kundi ziliingia nusu fainali. Mazembe walikuwa pamoja na Espérance ya Tunis, Sétif ya Algeria na Dynamos ya Harare. Espérance ikawa ya kwanza, Mazembe wakafuata nyuma yake.

Katikati ya mwaka timu ilipata pia kocha mwingine, Lamine N'Diaye wa Senegali. Kubadili kocha wakati mashindano yamekwisha kuanza ni kama kubadili dereva gari likiwa mlimani. Lakini yeye hakutafuta Mputu wa pili. Alitumia watu aliowakuta: Robert Kidiaba golini, Kimwaki na Kasusula nyuma, Mihayo Kazembe katikati, Bedi, Kabangu, Kaluyituka na Kasongo mbele, na pamoja nao wageni kama Given Singuluma wa Zambia. Wote hao walikuwa wakiitwa wenzake Mputu. Sasa ikawapasa kila mmoja aitwe kwa jina lake.

Katika nusu fainali walikutana na JS Kabylie ya Algeria. Lubumbashi walishinda 3 kwa 1. Kule Tizi Ouzou, mbele ya kelele za wenyeji, walijilinda kwa uvumilivu mpaka mwisho, 0 kwa 0. Mchezo wa namna hiyo hausimuliwi sana na mashabiki, maana hauna bao. Lakini mimi naona kwamba ndio uliokuwa mtihani wa kweli. Kuvumilia dakika 90 ugenini, bila kujibu maneno, bila kumrukia mtu, ni kazi kubwa.

Fainali ikawa na Espérance, ile ile iliyowatangulia katika kundi. Jumapili tarehe 31 Oktoba 2010, katika uwanja wa Kibassa Maliba huko Lubumbashi, Mazembe walishinda 5 kwa 0. Mchezaji mmoja wa Tunis alionyeshwa kadi nyekundu, na Watunisia walimlalamikia sana mwamuzi, aliyetoka Togo. Tarehe 13 Novemba, kule Radès, mchezo ukaisha 1 kwa 1. Kombe likabaki Kongo kwa jumla ya 6 kwa 1.

Hapa nataka tusimame kidogo, ndugu zangu. Siku ile ya mabao 5, nani kwetu alimlaumu mwamuzi? Hakuna. Tulisema kwamba refa wa Togo ni mtu anayejua kazi. Je, Watunisia wangekuwa sisi, na sisi Watunisia, tungesema hivyo? Mara nyingi haki tunayoidai uwanjani ni faida yetu iliyovikwa nguo za haki. Mwamuzi hukosea, kwa maana ana macho mawili tu kama sisi. Lakini makosa yake tunayahesabu upande mmoja.

Abu Dhabi

Desemba Mazembe wakarudi Abu Dhabi, pale pale walipoaibika mwaka uliotangulia. Ijumaa tarehe 10 Desemba wakakutana na Pachuca, mabingwa kutoka Meksiko. Dakika ya 21 Bedi alifunga, na bao hilo moja likalindwa mpaka mwisho.

Jumanne tarehe 14 Desemba wakakutana na Internacional ya Porto Alegre, mabingwa wa Amerika ya Kusini. Brazili ni shule ya mpira ya ulimwengu, na Internacional ilikuwa imekwisha kulitwaa Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2006. Hakuna aliyetia mashaka nani atashinda. Wabrazili walishambulia, nao wakamkuta Kidiaba. Mpira uliokwenda chini aliuzuia, uliokwenda juu aliutoa. Dakika ya 53 Kabangu akafunga. Wabrazili wakazidi kusukuma. Dakika ya 85 Kaluyituka akamchezea beki mbele yake, akapiga, mpira ukaingia. 2 kwa 0.

Hapo dunia nzima ikamwona Kidiaba akishangilia kwa namna yake: ameketi chini, miguu mbele, akirukaruka kwa matako kutoka mahali hata mahali, na kishungi cha nywele kikicheza kisogoni. Watu wa Ulaya walicheka na kustaajabu. Sisi tulikuwa tunaijua furaha ile tangu zamani.

Jioni ile mimi nilikuwa kijana mwanafunzi, nami nilisikiliza mchezo redioni kwa jirani yetu, hapa Goma, pamoja na watu wapatao 20 katika chumba cha watu 5. Redio ilikuwa ya betri, maana umeme ulikuwa umekatika. Lilipoingia bao la pili, mama mmoja muuza makala, asiyejua hata sheria moja ya mpira, alitoka nje akipiga vigelegele. Motari walipita wakipiga honi. Katika mji wetu, ambapo mara nyingi kelele za usiku zilikuwa za kutisha, zile zilikuwa kelele za furaha, na watoto hawakujificha chini ya kitanda. Nimekumbuka usiku ule katika siku nyingi mbaya zilizofuata. Timu ya Lubumbashi ni ya mbali sana nasi, tena si kila mtu wa Kivu anaipenda siku nyingine. Siku ile ilikuwa yetu sote.

Kwa kuwa ushindi ule ulikuwa mkubwa, tuueleze vema. Tangu kombe hilo lianzishwe, fainali zake zote zilikuwa za timu za Ulaya na za Amerika ya Kusini. Mazembe walikuwa wa kwanza kutoka bara jingine kufika hapo. Na wale waliosema kwamba Mwafrika ni mfalme kijijini kwake tu walinyamaza siku 4.

Jumamosi tarehe 18 Desemba ikafika fainali, na Inter ya Milano. Inter mwaka ule ilikuwa imechukua ubingwa wa Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Pandev akafunga dakika ya 13, na Samuel Eto'o, Mwafrika mwenzetu wa Kamerun, akafunga dakika ya 17. Mazembe hawakuvunjika, walicheza hadi mwisho, lakini mlima ulikuwa mrefu. Dakika ya 85 Biabiany akaongeza la tatu. Inter 3, Mazembe 0. Eto'o alitajwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, na Kaluyituka wetu akawa wa pili. Timu ya sita ya mwaka 2009 ilikuwa sasa ya pili duniani.

Usiku wa Lubumbashi

Laiti habari ingeishia hapo. Haikuishia hapo.

Mwamuzi wa fainali ile alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Huko Lubumbashi baadhi ya mashabiki waliona kwamba amewaonea Mazembe. Wakatoka wakatafuta wa kumlipiza. Mjapani hawakumpata, maana alikuwa Abu Dhabi. Basi wakayaendea maduka ya Wachina. Kwa macho yao, mwenye sura ile ni mmoja tu, awe Mjapani, awe Mchina. Mali ya watu ikaharibiwa kwa mawe na kuporwa, mpaka polisi wakaingia kati.

Fikirini jambo hilo. Mchina mwenye duka Lubumbashi hakupuliza filimbi. Labda hakuutazama mchezo. Pengine naye alikuwa akiwashangilia Mazembe, maana wateja wake ni mashabiki wao. Alipigwa kwa kosa la mtu asiyemjua, wa nchi nyingine, ambaye labda wala hakukosa. Usiku ule ulikuwa wa kuamkia Jumapili ya nne ya Majilio, tulipokuwa tukimngoja Mfalme wa Amani.

Sisi watu wa Kivu tusiwacheke ndugu zetu wa Katanga. Tunajua vizuri, tena kuliko wengi, mambo yanayotokea mtu anapohukumiwa kwa sura yake, kwa lugha yake, au kwa mahali alipozaliwa babu yake. Tumezika watu kwa hesabu ya namna hiyo. Mawe ya Lubumbashi yalitupwa kwa ajili ya mpira, lakini mkono uliotupa ni mkono ule ule.

Basi mwaka wa Mazembe ulianza na pigo juu ya mwamuzi kule Rwanda, ukaisha na mawe juu ya maduka Lubumbashi. Katikati ya mapigo hayo mawili kuna ushindi mkubwa kuliko wote uliopatikana na timu ya nchi yetu. Ushindi ule ulifanywa na watu walioweza kujizuia: mabeki waliovumilia Tizi Ouzou, kipa aliyengoja mpira bila kutetemeka, kocha aliyetulia. Hasara zote mbili zilifanywa na hasira. Anayesema kwamba hasira ilileta ushindi amesoma kitabu kinyumenyume.

Mambo yaliyofuata

Kuchukua kombe si kumaliza kazi. Mwaka 2011 Mazembe waliondolewa katika Ligi ya Mabingwa, kwa kuwa walimchezesha mtu ambaye hakuwa na haki ya kuichezea timu yao. Waliolalamika walikuwa Simba wa Dar es Salaam, waliokuwa wametolewa na Mazembe. Mabingwa wa Afrika wakabaki nyumbani kwa kosa la karatasi. Wakajifunza, wakarudi. Mwaka 2015 walilichukua tena kombe kubwa mbele ya USM Alger, na mwaka 2016 na 2017 wakapata Kombe la Shirikisho. Mwaka 2024 wanawake wa Mazembe nao wakawa mabingwa wa Afrika. Mwaka 2013 Raja ya Casablanca ilifika fainali ya dunia, kwa njia iliyofunguliwa na Kunguru.

Mputu naye alimaliza adhabu yake, akarudi uwanjani. Akacheza Angola, kisha akarudi tena Mazembe. Tusimhukumu kwa siku moja. Mtu aliyekosa, akaadhibiwa, akarudi kazini, ametupa mfano mmoja zaidi. Lakini usiku ule wa Abu Dhabi, wenzake walipokuwa wakimshinda Mbrazili, yeye hakuwemo uwanjani, na usiku wa namna ile haujirudii.

Neno kwa vijana, na kwa wakubwa wao

Habari hizi zote niliwasimulia wale vijana watatu jioni mbili mfululizo, katika ukumbi wa shirika letu. Yule aliyenijibu kwa jina la Mputu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Mwalimu, kama refa anatuonea kweli, tufanye nini?" Swali ni zuri, nami sikutaka kulifunika kwa mahubiri. Nilimwambia: kapteni aseme kwa heshima, ukiisha mchezo, wakubwa wa timu waandike malalamiko, na bao lililoibwa litafutwe tena kwa miguu. Njia hizo ni ndefu, na mara nyingine hazirudishi kitu. Lakini Simba walitumia karatasi, na karatasi iliwaondoa mabingwa wa Afrika.

Neno la mwisho ni letu sisi wakubwa. Vijana hawazaliwi na kofi mkononi. Wanatutazama sisi kando ya uwanja, jinsi tunavyomwita refa mwizi, jinsi tunavyosema kwamba kabila la yule beki ni watu wakali. Mimi nilisimama kando nikachelewa, kwa sababu hasira yao ilikuwa pia yangu. Katika masimulizi ya zamani, Mtakatifu Georgi alipigana na joka. Wale mapadre Wabenedikto walipowapa wanafunzi wao jina lake, nadhani walijua joka lile hukaa wapi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wanne kwa yule mwalimu, mimi na wale watatu, na shati jipya tulilolinunua kwa kuchanga. Niliomba msamaha wa kwanza, nao wakafuata. Alitupokea vizuri, akatukaribisha chai, akalichukua shati. Lakini nilipomwuliza kama atarudi kutupulizia filimbi, alisema: "Nitafikiri."

Bado anafikiri. Timu yetu tangu siku ile haijapata mwamuzi, na bila mwamuzi hakuna mchezo. Kila Jumapili vijana hupita nyumbani kwake kumsalimu, nami huwaambia wasimharakishe.

Katekista, Goma